Msomaji wa Mto

Ndugu msomaji, wewe na mimi tunaitwa jina moja. Wewe unasoma gazeti hili, mimi nasoma mto. Usidhani naleta ushairi. Ndivyo nilivyoandikwa kwenye karatasi siku nilipochukua kazi: msomaji wa kituo. Kila siku ya Mungu, saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, nateremka hadi kwenye kipimio, ule ubao wa chuma wenye mistari uliosimikwa majini. Natazama maji yameishia mstari gani, naandika kwenye daftari, narudi zangu. Vijana niliomaliza nao kidato cha nne hunicheka. "Mwenzetu kaajiriwa kutazama maji!" Na posho yenyewe, bwana, ukinunua sabuni na madaftari mawili imekwisha. Moja la madaftari hayo ni la riwaya yangu, ambayo imefika sura ya tatu na imegoma hapo.

Lakini nataka nizungumze juu ya lile daftari jingine, la mto, kwa kuwa limeniletea mambo makubwa kuliko riwaya yoyote niliyowahi kuiwaza.

Kwetu ni Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Asiyepajua na apige picha ya sinia kubwa lililoegemea milima. Upande wa kusini iko milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Chini kwenye sinia, tuliko sisi, mvua ni kidogo na jua ni kali. Maji ambayo jua lingeweza kuyanyonya kwa mwaka ni mengi kuliko mvua yote inayotudondokea. Kwa hiyo sisi hatuishi kwa mvua yetu. Tunaishi kwa mvua ya watu wa juu, inayotujia kwa miguu: mto Kimani, Chimala, Mbarali, Ndembera, na mwenyewe mkubwa wao, Ruaha Mkuu. Mito hii yote huishia kwenye kinamasi kiitwacho Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja tu wa kutokea, mwamba wa Ng'iriama. Maji yakipita pale yanaingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanakwenda bwawa la Mtera, yanashuka Kidatu, yanajiunga na Rufiji, mwisho wake Bahari ya Hindi.

Nilipoanza kazi nilikuwa na akili ya kila mtu: mvua ikinyesha mto unajaa, isiponyesha unakauka. Daftari lilinikanusha mwezi wa kwanza tu. Novemba mvua za mwanzo zilipiga kweli kweli, hata bati la jirani likang'oka. Asubuhi nikakimbilia mtoni nikitegemea kuona maajabu. Lahaula! Maji yalikuwa yamepanda kwa upana wa vidole viwili. Februari ikaja mvua ya kawaida tu, ya kumfanya mtu ajifunike gunia, na kesho yake kipimio kilikuwa kimezama hadi mstari ambao sikuwahi kuuona mkavu tena kwa wiki nzima.

Nilimuuliza bwana mmoja wa maji aliyekuja kukagua kituo. Akachukua sifongo aliyokuwa anafutia vumbi kwenye pikipiki, akaimwagia maji ya chupa kidogo kidogo. Hakikutoka kitu. Akaendelea. Ghafla maji yakaanza kuchuruzika upande wa pili. "Ardhi ndiyo hii," akasema. "Novemba ina kiu ya miezi sita. Inakunywa kwanza. Februari imeshiba, kila tone linalokuja linakwenda mtoni."

Tangu hapo nikawa na hamu ya kujua. Mvua ikishuka, sehemu yake hukaa kwenye majani na kurudi hewani kabla haijagusa udongo. Sehemu huzama, na mizizi huivuta ikairudisha angani kupitia majani. Sehemu huzama zaidi, hadi kwenye miamba, ikalala huko. Inayobaki ndiyo inayotiririka juu ya ardhi na kukimbilia bondeni. Na hiyo hutegemea mambo mengi: mwinuko, aina ya udongo, msitu upo au umefyekwa, ardhi imekanyagwa na ng'ombe ikawa ngumu kama sakafu au la. Mvua ile ile ikianguka kwenye msitu na ikianguka kwenye paa la bati hazizai mto mmoja.

Hesabu yake nayo ni tamu. Milimita moja ya mvua kwenye meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi milimita hiyo moja ikianguka kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Na bonde letu la Usangu lina kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Nilipopiga hesabu hii mara ya kwanza nilitaka kukimbia mbio. Nilijiuliza, maji yote haya yanakwenda wapi mbona mto wetu Oktoba unavukwa na kuku? Kumbe swali hilo lina wazee wake. Huko Ufaransa, mwaka 1674, Pierre Perrault alichapisha kitabu ambamo alilinganisha mvua iliyonyesha kwenye chanzo cha mto Seine na maji yaliyopita mtoni. Siku zile wasomi wengi walisadiki kuwa chemchemi huletwa na maji ya bahari yanayopita chini kwa chini. Perrault akaona kuwa mvua peke yake yatosha kuulisha mto ule kama mara sita. Yaani hata kwao, sehemu kubwa ya mvua haifiki mtoni. Inanywewa njiani.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: mto una maji ya aina mbili. Yako maji ya haraka, yale yanayokuja na tope, magogo na nyasi saa chache au siku moja baada ya mvua ya mlimani. Ukiyachora kwenye karatasi yanapanda kama ngazi na kushuka kama mteremko wa mtoto. Na yako maji ya polepole, yaliyozama ardhini masika yakawa yanavuja kidogo kidogo kwenye kingo na chemchemi, siku baada ya siku, bila kelele. Maji ninayoyasoma Oktoba, wakati hapajanyesha tone tangu Mei, ni mvua ya Januari na Februari inayofika kwa kuchelewa. Mto wa kiangazi ni akiba. Anayekata msitu juu au kulima hadi kwenye mdomo wa chemchemi haoni hasara yake leo. Ataiona mwezi wa kumi, tena haioni yeye, tunaiona sisi wa chini.

Nami mwandishi mchanga nikajifunza hapo kitu cha riwaya. Wahusika wangu wote walikuwa maji ya haraka: wanapiga kelele, wanagombana, wanakimbia. Hapakuwa na kinachovuja chini. Ndiyo maana sura ya nne haikuja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kusoma kipimio ni kusoma kina tu. Wakubwa hutaka kujua kiasi cha maji yanayopita, yaani meta za ujazo kwa sekunde. Kwa hiyo mara kadhaa kwa mwaka hufika na chombo chenye kipangaboi kidogo, wanakizamisha sehemu mbalimbali kukata mto, wanapima kasi, wanapima upana na kina, wanazidisha. Wakishapata vipimo vya kutosha, vya maji madogo na maji makubwa, wanachora mstari unaosema: kina hiki, kiasi hiki. Baada ya hapo daftari langu hugeuka kuwa maji. Mimi naandika sentimita, wao wanasoma malita. Na gharika ikihamisha mchanga, mstari wa zamani unakuwa uongo, wanaanza upya.

Tarakimu za mto zina nguvu tangu zamani. Kule Cairo, kwenye kisiwa cha Roda, kuna kisima chenye nguzo ya kupimia Nile kilichojengwa mwaka 861. Mto ukipanda hadi alama fulani, serikali ilijua mavuno yatakuwaje na kodi itozwe vipi. Nawaza yule msomaji mwenzangu wa karne ile, akiteremka ngazi asubuhi huku nchi nzima inangoja atakachosema. Sidhani kama alikosa ndugu wa kumvuta kanzu.

Mimi sikukosa. Ndugu yangu wa tumbo moja, kaka mkubwa, ndiye aliyenisomesha. Baba alipougua, kaka aliacha masomo akashika jembe, na ada yangu ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka kwenye majaruba yake ya mpunga. Shamba lake liko mkiani mwa mfereji. Wanaolima wanajua maana ya mkia: wa kwanza kwenye banio anapata anachotaka, wa kati anapata kilichobaki, wa mkiani anapata salamu. Kwa hiyo masika kaka analima mpunga kama wengine, na kiangazi analima vitunguu kipande kidogo, akitegemea yale maji yanayovuja.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema. Kufika Septemba maji yalikuwa yanashuka kila siku, kidogo kidogo, bila kurudi nyuma hata siku moja. Watu wa maji walikuwa wametoa taarifa: kina kikifika mstari fulani, mabanio ya kilimo yafungwe, yaachwe maji ya kunywa na ya mto wenyewe. Si uonevu, ni sheria. Ile Sheria ya mwaka 2009 ya rasilimali za maji inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira, ndipo wengine wafuate. Jioni kaka akaja kibarazani kwangu. Hakuwa na kawaida ya kuja.

"Imesoma ngapi leo?"

Nikamwambia. Ilibaki sentimita tatu kufika mstari.

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, vitunguu vinataka wiki tatu tu. Ongeza sentimita tano. Nani atakayejua? Samaki?"

Nilitamani acheke ili nami nicheke. Hakucheka.

Nikajaribu kumweleza. Masika sentimita tano ni mchezo, mto haujui kama umezipata au umezikosa. Lakini kiangazi, mto ukiwa mwembamba vile, sentimita tano ni karibu mfereji mzima. Tena kituo changu hakiko peke yake. Kiko kingine juu na kingine chini, na namba zikishapishana watakuja kuuliza. Nikasema yote hayo, lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na nilishindwa kuitamka. Daftari lile lilianzwa na watu kabla yangu. Kuna kurasa za mzee aliyekuwa msomaji wakati mimi sijazaliwa, mwandiko wake umeinama kushoto, hakuruka siku hata moja ya Krismasi. Ningechomekaje uongo wangu katikati ya mwandiko wa mzee yule?

"Kwa hiyo hapana," kaka akasema.

"Hapana, kaka. Unisamehe."

"Ada yako niliongeza sentimita ngapi, unakumbuka?" Akaondoka.

Siku ya tatu mstari ukafikiwa. Nikaandika. Mkutano ukaitwa chini ya mwembe, watumia maji wote, mwenyekiti wa kijiji na mabwana wa maji. Watu walikuwa moto. Mzee mmoja akasimama akasema, "Kila mwaka ni sisi. Umeme ukikatika mjini ni sisi. Viboko wakifa hifadhini ni sisi. Tukilala njaa, nani huyo anayeitiwa mkutano?"

Hakukosea sana. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa kudumu. Mwaka 1993 ulisimama kutiririka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, na tangu miaka ile kukauka kumekuwa jambo la karibu kila mwaka. Viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope na samaki wanakufa. Miaka hiyo hiyo ya tisini nchi ilikuwa inategemea umeme wa Mtera na Kidatu, na migawo ya umeme ilipoanza vidole vilielekezwa Usangu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kuwa Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa Ihefu. Mwaka 2010 ulifika, ukapita, na mto bado ulikauka.

Mwenyekiti akataka daftari lisomwe. Nikasimama, miguu inatetemeka, nikasoma: Januari, Februari, Machi, hadi siku ile. Na hapo pakatokea kitu ambacho sikukitegemea. Yule bwana wa maji akasema, "Sikilizeni hizo namba za masika. Maji yanayopita hapa Februari ni mengi mno. Mifereji yenu yote ikifunguliwa mnachota sehemu ndogo. Anayesema mpunga wenu wa masika ndio uliozima taa za Dar es Salaam hajasoma daftari hili." Akaeleza kuwa watafiti walioichunguza Usangu kati ya 1998 na 2001 walisema hivyo hivyo: shida kubwa ya mto iko kwenye maji yanayochotwa kiangazi.

Kisha akaeleza habari ya Ihefu kwa mfano ambao hata watoto waliuelewa. Ihefu ni sufuria iliyotobolewa ubavuni, na tundu lenyewe ni ule mwamba wa Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya tundu, yanatoka. Yakishuka chini ya tundu kwa unene wa unyasi, hayatoki hata tone, ijapokuwa ndani ya sufuria bado yamo mengi, yanaliwa na jua. Kwa hiyo kiangazi maji kidogo ndiyo yanayoamua kama mto utakuwa hai au maiti.

Baba, ambaye tangu augue hasemi sana mikutanoni, akanyanyua fimbo. "Nina swali. Kijana wangu anasoma chini ya banio kubwa. Je, juu ya banio yako maji kiasi gani?"

Kesho yake wakaenda kupima juu na chini, sisi wote nyuma yao kama harusi. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko mashamba yote yaliyokuwa na mimea. Tukafuata mfereji. Tukakuta maji yanamwagika kwenye majaruba yaliyovunwa tangu Juni, hayana hata jani la mchicha, na mengine yamefanya bwawa barabarani watoto wanaogelea. Hakuna mtu aliyekuwa anayatumia. Hakuna mtu aliyeyafunga. Yalikuwa ya kila mtu.

Pale ndipo ugomvi ukapungua makali. Wakakubaliana banio lishushwe, yapite ya kunywa, na bustani za kiangazi zipate maji kwa zamu, usiku wa mkiani ukiwa wa kwanza. Sitaki kukudanganya kuwa mambo yalinyooka. Zamu ya pili tu watu walikesha na mapanga kulinda mfereji. Vitunguu vya kaka vilipona nusu, nusu vikaungua na jua. Na kule hifadhini mto ulikauka mwaka ule pia. Mfereji mmoja hauwezi kuufufua. Kaka hakuniita jina langu kwa miezi mingi. Aliniita Bwana Sentimita, na mtaa mzima ukalidaka.

Nimekuwa nikiwaza kwa nini watu wanaupigania mto kana kwamba kila mwaka ni ule ule. Nadhani tumezoea neno "wastani". Wastani wa mto ni sawa na kusema mkulima anakula milo miwili kwa siku, kwa vile masika anakula mitatu na kiangazi anakula mmoja. Mwaka wa 1997 kuingia 1998 mvua za El Niño zilijaza nchi maji hadi madaraja yakasombwa. Miaka mingine mvua inaanza Desemba badala ya Novemba, na ardhi inamaliza kiu wakati msimu nao unakaribia kwisha. Anayepanga mashamba kwa mwaka wa neema atakuwa adui wa jirani yake mwaka wa dhiki, hata kama wote wawili ni watu wema. Sasa tena liko Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mto Kilombero ndio unaolilisha zaidi ya nusu, lakini Ruaha nao umo. Kwa hiyo macho ya nchi hayataondoka kwenye sinia letu, na madaftari kama langu yataendelea kusomwa chini ya miembe.

Ninachoomba ni kwamba yasomwe yote, kurasa za masika na za kiangazi. Ukisoma Oktoba peke yake utasema mkulima ni mwizi. Ukisoma Februari peke yake utasema maji hayaishi. Uongo wote huo unatengenezwa kwa namba za kweli.

Mwezi uliopita, siku ya pili baada ya mvua za mwisho, nilimkuta kaka mtoni kabla yangu. Amekaa juu ya jiwe, suruali kaikunja, anakodolea kipimio. Nikamwamkia, akaitikia.

"Imeanza kushuka mapema," akasema.

"Sentimita nne tangu jana."

Akahesabu kwa vidole. Akauliza mwaka jana tarehe kama ile ilisoma ngapi, nikafungua daftari nikamwonyesha. Akauliza na mwaka juzi. Akatazama mwandiko wangu, akarudisha kurasa nyuma hadi kwenye ule mwandiko ulioinama kushoto, akapitisha kidole juu yake.

"Basi mwaka huu vitunguu robo eka tu," akasema. "Sehemu nyingine nitaacha."